Mkono Begani

Kopo la biskuti, kifuniko kimeliwa na kutu,
na ndani yake parokia nzima ya Kilvarna
imelala kifudifudi.
Kazi yangu ni ndogo: penseli,
na majina nyuma ya kila picha
kabla Attracta Mulhern hajasahau
au hajafa, asema mwenyewe
huku akimega mkate wa magadi,
lolote litakalotangulia.

Ana miaka tisini na mmoja na jicho moja zima.
Huanza na wanyama.
"Huyo punda ni wa kina Gilhooly, alikuwa anauma.
Basi aliyeshika hatamu ni Festus,
maana hakuna mwingine aliyemwacha na vidole vyake."
Naandika: Festus Gilhooly.
Naongeza: na punda.

Watoto wa Komunyo ya Kwanza, mwaka hamsini na tatu,
shela nyeupe, viatu vya kuazima,
mvua imeshaanza, utaiona kwenye nywele.
Dympna amefumba macho.
Miaka sabini sasa amefumba macho
na hakuna wa kumwambia afumbue.

Wanaume kwenye kinamasi, mikono ya mashati imekunjwa,
wanakata ule udongo mweusi uwakao kama kuni,
wanaupanga mithili ya matofali ya nyumba
ambayo kila majira ya baridi hupanda yote dohani.
Chupa ya chai imevikwa soksi isipoe.
Attracta anainusa picha. Kweli, anainusa.
"Padri Cosgrave alitwambia mbinguni hakuna moshi," asema,
"nami nikapungukiwa hamu ya kwenda."

Nacheka. Yeye hacheki.

Picha ya kumi na tisa ni nyembamba kuliko wenzake.
Mkasi umepita upande wa kulia,
mkasi wa kushonea, wa mtu asiye na haraka.
Amebaki mama yake Attracta mbele ya kiwanda cha siagi,
makopo ya maziwa, baiskeli imeegemea ukuta,
na begani kwake
mkono.
Mkono mtupu, hadi kwenye kifundo.
Kidole cha shahada hakina ncha.

Nauliza ni wa nani.
Saa ya ukutani inajibu kwanza, kisha birika.
Katika nyumba hii kimya ni ndugu wa damu,
kina kiti chake karibu na moto.

"Mashine ya kupura shayiri," asema mwishowe.
"Nilikuwa na miaka sita. Alirudi na ncha ya kidole
ndani ya leso, akasema tukaizike.
Tukaizika kando ya ukuta wa mawe, mimi na yeye,
tukaisomea Salamu Maria moja, haraka,
kwa kuwa chakula kilikuwa mezani."

Yeye nani?

"Mama mdogo. Concepta.
Aliolewa na muuza mbegu, Mprotestanti,
kanisani kwao, siku ya Jumanne.
Babu akaweka picha mezani, na mkasi juu yake,
akamwambia mama: kata.
Mama akakata."

Ananyamaza. Anatafuta ukingo wa picha kwa kidole gumba,
anateremka nao taratibu, kama apapasaye pindo la nguo.
"Angekata wima, mkono ungekwenda na mwenyewe.
Sasa shika hapa.
Unaona mkasi ulivyokunja kona?"

Nashika. Kweli umekunja,
ukazunguka kifundo, ukarudi njiani
kama mtu aliyekwepa dimbwi
akiwa amevaa viatu vya kanisani.

Naigeuza. Naandika: Honora Mulhern, kiwandani, mwaka arobaini.
Nafasi imekwisha.
"Andika na mkono," asema Attracta.
Naandika Concepta, herufi ndogo ndogo,
jina likipinda pale ukingo ulipopinda.

Picha ya ishirini ina mbwa, peke yake, barabarani.
Attracta anamtazama muda mrefu kwa lile jicho moja.
"Huyo," asema, "simjui."